Kaseti Kwapani

Merle Dufresne aliliona basi la kiwanda cha mbao likikata kona ya mwisho, akaomba likwame. Halikukwama. Lilipanda taratibu, la manjano na chafu, likaingia kwenye maegesho ya Mlima Harlan na kusimama kati ya magari ya wachezaji waliokuwa wamelala humo humo. Mlango ulipofunguliwa wakaanza kushuka wanaume wenye makoti mekundu ya drafti na buti za mpira, wakinyoosha migongo na kutema mate kwenye theluji. Wa kwanza alikuwa Garth, kaka wa mke wake, msimamizi wa zamu. Wa mwisho, aliyelazimika kuinama ili apite mlangoni, alikuwa Pekkanen.

"Wamekuja," Merle alisema.

"Nani?" Signe Rustad aliuliza. Bibi huyo alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akikwangua nta kwenye skii za Merle, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, na hakuinua uso.

"Watu wa kiwandani. Wote kama walivyo."

"Si vizuri? Umepata wa kukupigia makofi."

"Hawajaja kuniona nikicheza, Bi Signe. Wamekuja kuniona nikipinduka hewani."

Hapo bibi aliinua uso.

Tatizo lote lilikuwa neno. Miaka ile mchezo wenyewe wa skii ulikuwa bado mchanga, na jina lake lilikuwa moja tu: mbwembwe. Aliyeshuka kwenye matuta kama aliyefukuzwa na nyuki alicheza mbwembwe. Aliyeruka kwenye tuta la kurukia akapinduka kichwa chini miguu juu, naye alicheza mbwembwe. Na aliyeteremka polepole kwenye mteremko mpana, kwa muziki, akizunguka, akinyanyua mguu, akivusha skii moja juu ya nyingine, huyo pia alikuwa mtu wa mbwembwe, ingawa wenzake walimwita mcheza baleti na kukonyezana nyuma ya mgongo wake. Merle alikuwa wa kundi hilo la mwisho. Kwa hiyo Garth alipomuuliza mbele ya kantini nzima Jumapili huwa anapotelea wapi, alijibu kweli tupu: "Nipo kwenye mbwembwe."

Basi, kantini ilikuwa imemwona mtu kwenye televisheni akipinduka juu ya theluji mara mbili kabla ya kutua. Walimtazama Merle, mtu mkimya anayevuta mbao mbichi kwenye mnyororo unaozisafirisha kiwandani tangu ana miaka kumi na minane, wakapiga kelele za furaha. Walimpiga mgongoni. Walimnunulia bia. Angeweza kuwasahihisha pale pale, kwa maneno matatu tu, lakini alikuwa hajawahi kununuliwa bia na watu wengi namna ile. Akainywa. Tangu siku hiyo, kila wakati wa chakula, mtu alimuuliza amepinduka mara ngapi wiki hii, naye alicheka tu, na kucheka kwake kukachukuliwa kuwa jibu.

Sasa alikuwa anaona aibu kwa ule uongo, anaona aibu kwa ile baleti, na kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba anaona aibu juu ya kitu pekee anachokipenda. Hakuweza kutulia. Alivua glavu, akavaa, akavua tena. Akajigusa chini ya kwapa la kushoto, ndani ya shati, kuhakikisha kaseti ya muziki wake ipo. Wacheza baleti wote waliziweka huko. Kaseti ikipigwa na baridi hukokota, na muziki ukikokota mchezaji amekwisha.

"Dufresne!" Msimamizi wa mashindano ya kuruka alikuwa anakuja kwa kasi, ndevu zimeganda. "Wewe si ulishawahi kuruka?"

"Niliruka mara moja. Kwenye nyasi kavu."

"Inatosha. Yule jamaa wa Utah kavunja mtulinga, nafasi yake iko wazi. Ukitaka, panda pale juu. Usipotaka, nampa mwingine. Usinicheleweshe tu." Akaondoka kama alivyokuja.

Merle alitazama chini. Wenzake wa kiwandani walikuwa tayari wanapanda kwa miguu kuelekea kwenye uzio wa tuta la kurukia, wakizama hadi magotini, wakicheka.

"Usithubutu," Signe alisema.

"Nimesema kitu mimi?"

"Shingo yako imesema. Unataka kuivunja kwa ajili ya bia?"

"Wewe huwajui watu hawa. Jumatatu nitasimama nao. Na Jumanne. Hadi nizeeke."

Bibi aliweka kikwangulio chini. Alikuwa na miaka sitini na kitu, uso umekaushwa na jua la theluji, na katika watu wote waliokuwa mlimani siku ile hakuna aliyeanza kabla yake, ingawa wengi walimdhania mama wa mchezaji fulani. "Mwaka 1936," alisema, "nilicheza dansi ya waltz kwa skii ndani ya ukumbi kule Boston. Theluji yenyewe barafu iliyosagwa, ile ya kuwekea samaki. Nilivaa sketi. Walinirushia karanga."

"Ukafanyaje?"

"Nikaziokota nikala. Nilikuwa na njaa."

"Lakini hukuwa na shemeji, Bi Signe."

"Nilikuwa nao wanne. Unafikiri karanga zilitoka wapi?"

Merle alicheka bila kutaka, kisha kicheko kikakatika. Alichukua skii zake akazivaa. Akaitoa ile kaseti kwapani, kwa sababu mtu hapinduki hewani na plastiki kwenye mbavu, akaitia katika mfuko wa nje wa koti, na akaelekea kwenye tuta.  Signe alimpa kisogo na kuanza kukwangua skii za mtu mwingine.

Juu ya tuta upepo ulikata uso. Walikuwa wamejipanga watu wapatao kumi, kila mmoja akirukaruka mahali pake, na hakuna hata mmoja aliyefundishwa na mtu. Mmoja alijifunza kwa kurukia ziwani wakati wa kiangazi, skii mguuni. Mwingine kwa magodoro. Walikula wali na sosi ya nyanya waliyoiba mkahawani, walilala ndani ya magari, na kila waliposhuka salama walionekana kushangaa wenyewe. Chini, pale pa kutua, wanaume wawili walikuwa wakikatakata theluji kwa sepetu ili iwe laini. Mchezaji wa mbele ya Merle alijisukuma kwa fimbo, akateremka, akapanda tuta, akapotea machoni. Kukawa kimya. Halafu umati ukaguna kwa pamoja.

"Mzima?" aliuliza wa nyuma.

"Anasimama," mwingine akajibu. "Huyo kasimama."

Merle alisogea mbele, akarudi nyuma, akampisha mmoja, akampisha wa pili.  Alijua hawezi. Alijua pia kwamba akianguka vibaya watambeba hadi kwenye basi kwa heshima, na wazo hilo lilimvutia kiasi cha kumtisha. Kule uzioni wenzake walikwisha kumwona.

"Dufreeesne!" waliimba. Garth alikuwa anawaonyesha watu asiowajua kwa kidole: yule pale, shemeji yangu.

Kisha Pekkanen akainua mkono wake wa kulia, ule uliobaki na vidole vitatu tangu siku ya msumeno. Kwa miaka tisa walikuwa wakisimama pamoja kwenye mnyororo, huyu upande huu, yule upande ule, na kwa miaka tisa Pekkanen hakusema zaidi ya "shika" na "achia". Leo alipaza sauti.

"Usiogope, ndugu yangu! Sisi tupo!"

Hilo ndilo lililomshinda Merle. Angeweza kuwadanganya waliokuwa wanapiga kelele, lakini si yule. Alitoka kwenye mstari, akateremka upandeupande hadi uzioni. Zile nyuso nyekundu zikamgeukia zote.

"Si hapa," alisema.

"Si hapa nini?" Garth aliuliza.

"Mimi sipo hapa. Nipo kule." Alinyoosha fimbo kuelekea mteremko mpana.

"Kule hakuna tuta. Kule ni kama uwanja wa shule."

"Njooni tu."

"Shemeji, unaumwa?"

"Njooni," Merle alisema, akageuka akatangulia. Wakamfuata wakinong'onezana.

Jina lake lilikuwa linaitwa kwa mara ya pili alipofika. Alimkimbilia mtangazaji kwenye meza yake, akatia mkono kwenye mfuko wa nje, na vidole vikaigusa kaseti. Ilikuwa baridi kama msumari. Alikuwa amekaa nayo pale juu, kwenye upepo, muda wote ule wa kusogea mbele na kurudi nyuma.

"Ipulizie kidogo," alimwomba mtangazaji. "Ishike mkononi. Dakika moja tu."

"Kaka, kuna watu kumi na wanne nyuma yako. Panda."

Akapanda. Akasimama juu ya mteremko, suruali nyekundu, fimbo ndefu kuliko za kawaida, na chini aliwaona wenzake wamejipanga wakitafuta kwa macho mahali atakaporukia.

Muziki ulianza vizuri. Kodiani ilipiga hatua zake tatu, safi, zikaenea mlimani, na Merle akateremka, akageuka akitazama juu, akanyanyua mguu. Akasikia mtu akiuliza, "Anafanya nini huyu?" Kisha kodiani ikavuta pumzi. Ikashuka sauti, ikakokota, ikawa ng'ombe anayezaa. Umati ukacheka. Alikuwa na mzunguko mbele yake uliopangwa na muziki, na muziki haukuwepo tena. Kulikuwa na mngurumo tu. Miguu ikasita. Skii ya kulia ikakamata theluji na akaweka mkono chini ili asianguke.

Akakasirika. Hakumkasirikia mtangazaji wala baridi. Alijikasirikia yeye, kwa bia na kwa kicheko cha mwezi mzima na kwa ule mfuko wa nje, na katika hasira hiyo akaacha kuusikiliza muziki kabisa. Kiwandani, mbao mbichi ya futi kumi na sita haibebwi kwa mikono. Unaishika, unaugeuza mwili, unavusha mguu mmoja mbele ya mwingine, na mbao yenyewe inakupeleka hadi kwenye rundo. Alivusha mguu wa kushoto mbele ya wa kulia. Skii zikapishana kama mikasi, akaziachia, uzito ukamzungusha mara moja, mara mbili, akatoka akiteremka kinyumenyume, mikono wazi, akavusha tena. Hakuwa mwepesi, na hakutaka kuwa mwepesi. Watu wa mbele waliacha kucheka kabla ya wa nyuma.

Alifika chini kabla ya muziki. Ikabidi asimame pale, goti limepigwa na mikono juu kama alivyopanga, akingoja kodiani imalize kuugua. Haikumaliza. Mtangazaji aliizima.

Waamuzi waliinua vibao vyao, na kufikia hapo akawa wa pili kutoka mwisho. Signe, aliyekuwa amesogea hadi kwenye kamba, alikitazama kibao cha mwamuzi wa mwisho, akatukana kwa Kinorwe, akarudi kwenye ndoo yake.

Merle aliwakuta wenzake kwenye maegesho. Wengi walikuwa wamekwisha kuingia ndani ya basi. Garth alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Mwezi mzima, shemeji," alisema. "Mwezi mzima nawaambia watu. Nimemwambia hadi kinyozi."

"Najua."

"Dada yangu anajua habari hii?"

"Ndiye aliyeshona suruali."

Garth aliitazama ile suruali kuanzia kiunoni hadi chini. Akapanda ndani na kukaa kiti cha mbele, akitazama kioo. Ndani mtu alianza kuiga kodiani inayokokota, wengine wakaangua kicheko, na Merle akajua atakisikia kicheko hicho Jumatatu, na Jumanne, na huenda hadi azeeke. Kilimuuma. Alishangaa tu kwamba alikuwa bado amesimama, na kwamba miguu yake, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, ilitaka kusogea tena.

"Shika hii."

Pekkanen alikuwa nyuma ya basi, mahali ambapo magari yaliisugua theluji hadi ikawa kioo. Alimkabidhi Merle kofia yake. Akapanua mikono, mtu wa kilo mia na ushei ndani ya buti za mpira, akajisukuma kwa mguu mmoja na kuteleza kidogo.

"Ile ya kuvusha," alisema. "Si ndiyo yetu ile? Ya mbao ndefu?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Nilijua. Nikamwambia Garth, ile ni yetu." Akavusha mguu wa kushoto mbele ya wa kulia, polepole sana, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Dereva akapiga honi. Dirishani nyuso zikabanana, kicheko kikafifia, na Pekkanen akaganda pale pale juu ya barafu, miguu imepishana, mikono inatafuta hewa, hawezi kwenda wala kurudi.

"Sasa?" aliuliza bila kumtazama mtu. "Huu mwingine naupeleka wapi?"