Vipimo vya Meli ya Mwantumu

Jana mchana, usingizi uliponichukua juu ya cherehani, niliota meli imeingia dukani kwangu Chumbageni ikaomba kupimwa.

Niliijua. Ni meli ya kuvua jodari anayofanyia kazi binti yangu Mwantumu, mkaguzi wa samaki. Kila siku mimi huitazama kwenye ramani ya simu, nukta ya kijani. Siku tisa zilizopita nukta ilizimika. Na siku alipoondoka sikumuaga. Nilikuwa nimenuna, nikajifanya nina nguo za harusi za kumalizia.

"Fundi, shikamoo," meli inasema.

"Marahaba. Umepotelea wapi?"

"Sijapotea. Vipimo vyangu vimefutika kwenye orodha. Meli isiyo na vipimo haionekani."

Jambo lenyewe linaeleweka. Navua tepu shingoni.

"Simama sawasawa, usibane tumbo."

"Hilo si tumbo, fundi. Ni ghala la barafu."

Upana, mita nane. Urefu naanzia mlangoni. Mita ya kumi, nakanyaga sitaha iliyolowa. Mita ya ishirini niko jikoni, wali unatokota wenyewe na kuniambia nipite taratibu. Mita ya arobaini na moja namkuta Mwantumu kitandani, amelala, miguu iko nje ya blanketi kama alipokuwa na miaka minne.

"Endelea," meli inanong'ona. "Zimebaki mita sita."

"Ngoja kwanza."

Namfunika miguu. Namwambia yale niliyoyameza siku ile: nenda salama mwanangu, nakuombea. Haamki. Anavuta blanketi tu hadi kidevuni.

Namalizia kupima. Meli inakohoa.

"Arobaini na saba. Ahsante. Kwenye orodha kuna sehemu moja bado iko wazi, fundi. Mwisho wa safari."

Natoa chaki mfukoni, naandika kwenye kioo cha chumba cha nahodha: KWA FUNDI MBWANA.

Simu ikaniamsha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Usiwe na wasiwasi, mtambo wa mawasiliano ndio uliharibika. Umewaka sasa hivi. Ila nahodha anafoka hapa, baba. Kuna mtu ameandika jina lako kwa chaki kwenye kioo chake, na humu melini hakuna hata kipande cha chaki."

"Mwambie asifute," nikasema.