Cheti cha Shemeji

Kampuni iliamua kukodi printa za nje, zinazokuja na mafundi wake, na Fundi Printa akajua unga wake unakaribia kumwagika. Mkuu wa kitengo alimwonea huruma. Kwenye dawati la usalama wa mtandao kulikuwa na nafasi moja.

"Niletee cheti cha kuanzia, chochote kinachotambulika," alisema. "Wa kwanza kuleta ndiye anakaa."

Vyeti vyenyewe vilikuwa viwili. Kidogo kilikuwa cha misingi tu, wiki chache unafanya mtihani. Kikubwa kilikula miezi, na nusu ya mtihani ni kutenda kwenye kompyuta, si kuchagua majibu. Fundi akamwendea shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa akipokea simu za wafanyakazi waliosahau nywila zao.

"Hicho kidogo ni cha watoto, shem," alisema shemeji, miguu juu ya kiti cha pili. "Mtu mzima na kipara chako utakipeleka wapi? Mkuu atakucheka mpaka alie."

"Si amesema chochote?"

"Wakubwa husema mengi. Wewe chukua kikubwa, umzibe mdomo."

Fundi akachukua kikubwa. Alisoma akiwa na wino vidoleni, akasoma Jumapili wenzake wakiangalia mpira, mkewe akiwafukuza watoto sebuleni ili baba yao asome. Mara ya kwanza alifeli. Mara ya pili akafaulu, akavaa shati lililopigwa pasi na kwenda kwa mkuu.

Mkuu alikisoma cheti chote, hata maandishi madogo ya chini.

"Hongera. Kazi nzuri hii," alisema. "Lakini shemeji yako alileta cha misingi zamani. Anaanza Jumatatu. Nilidhani mnaambiana."

Ukimuuliza njia mtu mnayegombea naye kiti, atakuelekeza porini, tena kwa adabu.

Alimkuta shemeji kwenye ngazi.

"Ulisoma lini?"

"Ulipokuwa unasoma." Shemeji alimpigapiga bega. "Usinune, bwana. Chako kikubwa kuliko changu. Dunia nzima inakitaka."

Jioni mkewe alipakua chakula bila kumwangalia, na hapo Fundi akaelewa.

"Ulijua, mama watoto."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu alipojiandikisha. Aliniomba nisiseme." Akafunika sufuria. "Yule hana kitu mkononi, ni kupokea simu tu. Wewe ni fundi, hulali njaa."

"Nami ulikuwa unaniangalia tu nasoma."

"Ungeniuliza ningekwambia."

Kweli hakumuuliza. Wala hakujua mtu huanzaje kumuuliza mkewe swali la namna hiyo.

"Kula, kinapoa," alisema mkewe.

Akala. Asubuhi kampuni ilimtaka azifungue printa zote za zamani na kuzifunga kwenye maboksi, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyejua kuzifungua bila kuzivunja.