Mtoto Niliyemwokota Jaani

Ukimwona Majaa siku hizi utadhani alizaliwa na kanzu mwilini. Kofia ya mkono, udi mpaka masikioni, miwani anayovaa akisoma na asiposoma. Ana duka la mabati na saruji, na juu ya mlango ameandikisha kwa rangi ya dhahabu: Albandari. Sijui bandari gani. Babu yake alikuwa Mbondei wa kule Mwera, mkwezi wa minazi ya watu, wala mtumbwi hakuwahi kuupanda. Mimi simchukii, wallahi. Namdharau tu, na haki ya kumdharau ninayo, maana nilimwokota jaani kwa mikono yangu hii.

Hapendi nilisimulie hilo, basi nalisimulia.

Mama yake, Saleha, ni jirani yangu hapa Chumbageni tangu tukiwa wari. Alizaa watoto wanne akazika wanne, hakuna hata mmoja aliyefikisha mwaka. Wa tano alipokuja, wazee wakasema huyu apewe jina ambalo mauti yakilisikia yatapita njia nyingine. Bibi yake akamchukua akamlaza nyuma ya nyumba, penye jaa la takataka, juu ya maganda ya muhogo na majivu. Nami nikapita na ungo wangu kama mtu anayekwenda zake, nikamzoa, nikasema kwa sauti, wasikie watu na wasio watu: "Nimeokota takataka." Saleha akamnunua kwangu kwa pishi ya mtama. Ndipo akaitwa Majaa, na kweli akaishi. Surua ilipita mtaa mzima ikamruka yeye. Mpaka leo Saleha ana imani moja: jina lile ndilo linalomshikilia mwanawe duniani, na siku likiondolewa na yeye ataondoka nalo. Unaweza kucheka. Hukuzika wanne wewe.

Sasa huyu takataka wetu anaoza binti. Wakwe ni watu wa majina marefu, ukianza kuwataja mpaka chai inapoa. Walipoona kitambulisho chake wakauliza, Majaa ndiyo jina gani? Akawajibu kwamba ni kosa la karani. Tazama mtu alivyo hovyo, mama yake amemtetea mbele ya mauti, yeye anamsingizia karani. Wakwe nao waungwana, wakasema hilo dogo. Mtoto wao mkubwa, Rama, ni wakili. Ataandaa hati ya kiapo bila malipo, mama mzazi atie dole, jina lirekebishwe kabla kadi za harusi hazijachapwa. Majaa akanasa hapo. Angekataa vipi msaada wa wakwe?

Siku moja kabla ya kiapo, akaja kwangu na doti ya kanga.

"Bi Khadija," ananiambia. Miaka hamsini aliniita mama. "Kesho utakuwepo, uwe shahidi. Mama atasomewa karatasi, wewe mtulize akubali. Sitaki aanze habari za jaani mbele ya Rama."

"Na hilo jina jipya ni lipi?"

"Ni la heshima. Nimelichagua mwenyewe kitabuni, lina maana nzuri."

Ati lina maana. Kwani yetu hayana? Babu yake aliitwa Mashaka kwa sababu alizaliwa nzige wakiwa wamemaliza kila jani shambani. Shangazi yangu aliitwa Sikudhani, na kila aliyemjua mama yake alijua hakudhani nini. Jina lilikuwa habari ya nyumba. Leo mtu anachagua jina kama mteja wa dukani kwake anavyochagua rangi ya bati. Mkataa kwao mtumwa, walisema waliosema. Kanga nikazipokea, maana kupokea si kukubali, na nyumbani kwangu kanga haijawahi kuzidi.

Ningeweza kwenda kumwonya Saleha jioni ile. Sikwenda. Nasema kweli yangu: nilitaka kumwona Majaa akiumbuka.

Kesho yake baada ya chai ya saa nne tukakaa sebuleni kwa Saleha. Rama kijana wa adabu, alivua viatu mlangoni, akaja mpaka kitini kwa bibi, akainama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Hujambo? Majaa kaniambia kuna karatasi ya harusi."

Majaa akakohoa. Rama akafungua mkoba, akatoa karatasi na kibati cha wino, akasoma polepole ili mtu mzima afuate: "Mimi, Saleha binti Haji, mkazi wa Chumbageni, naapa kwamba nilimzaa kwa tumbo langu mwanangu Idarusi bin Uweso..."

Vidole vya Saleha vikasimama kwenye tasbihi.

Idarusi lilikuwa jina la mwanawe wa kwanza, yule aliyezikwa akiwa na siku arobaini na moja. Majina ya wale wanne hayakutajwa tena katika nyumba ile, kwa kuwa tuliamini ukiwataja unawaita, na Majaa amekua mpaka kaota mvi hajayasikia. Mtu kashika kitabu kizima cha majina, na kidole chake kimekwenda kutua juu ya kaburi la kaka yake. Hata kuiba hajui.

"Rudia hapo, baba," Saleha akasema.

Rama akarudia.

"Ndiye," akasema. "Idarusi nilimzaa mimi. Masika ya mwaka ule maji yalifika kizingitini. Alikuja na nywele nyingi mpaka mkunga akacheka."

Sijamsikia akitamka jina lile kwa zaidi ya nusu karne. Machozi yalinitoka, nikayafuta kwa ncha ya kanga ile ile niliyohongwa.

"Hapa tumeandika mwaka wa sabini na nne, bibi. Ni sawa?"

"Mwaka andika uutakao. Bora aandikwe. Hajaandikwa popote, maskini, hata karatasi moja hana."

Majaa akashusha pumzi, akaegemea kiti, akanitazama kwa jeuri kana kwamba mimi ndiye niliyeshindwa. Rama akamshika bibi mkono kwa upole, dole likaingia winoni, likatua kwenye karatasi. Saleha akaitazama alama yake kwa muda, midomo ikimchezacheza. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza deni la roho.

Kisha akainua uso akamtazama mwanawe.

"Idarusi nimempata, Mungu awalipe," akasema. "Na Majaa wangu mmemweka wapi?"

Rama akamgeukia Majaa, baba mkwe mtarajiwa wa ndugu yake. "Majaa ni nani, mzee? Si lile kosa la karani?"

Neno moja tu lilitakiwa pale kinywani mwa Majaa: "Mimi." Angelisema, ningemsamehe ubao wa dhahabu, na karani, na ule U-Bi Khadija wake. Mama yake alikuwa amejisogeza mpaka ukingo wa kiti, kinywa wazi, akilingojea.

Majaa akavua miwani, akaipangusa kwa kanzu.

"Alikuwa mtu wa nyumba hii zamani," akasema. "Hayupo sasa. Mama umri umekwenda, anachanganya mambo."

Saleha macho yamepungua, lakini masikio yake ni ya msichana.

"Hayupo," akasema.

"Hayupo, mama," akajibu, na uso kaupeleka kwa wakili.

Saleha akapandisha kanga yake kutoka mabegani, akajifunika kichwa na paji la uso kama tunavyojifunika msibani. Hakulia. Sauti yake yote aliimaliza kwa wale wa mwanzo.

"Khadija," akaniambia, "tandika jamvi uwaite majirani. Wametimia watano."

Nikalitoa jamvi uvunguni nikalikunjua katikati ya sebule, na Majaa akakunja miguu yake kunipisha.