Betri Juani

Kasulu ya mwaka 1974, nyumba yetu ilikuwa na umeme wa betri nne tu, na zote zilikaa mfukoni mwa mume wangu. Redio ilibaki mezani, imefunikwa kitambaa nilichokifuma mwenyewe, lakini Kipriani akienda shambani aliondoka na mawe yake, kama tulivyoziita betri, watoto wasije wakayamaliza kwa muziki. Aliyarudisha saa ya taarifa ya habari. Mtangazaji akianza kuaga, Kipriani keshazima. Majirani walimwita mkono wa birika, nami sikumtetea.

Yakichoka hakununua mengine. Aliyaanika juani kwenye ungo, akiyageuzageuza kama mihogo, na kweli yalipata uhai wa siku mbili tatu.

Kiangazi kile jirani yetu Pasikali alirudi kutoka mashamba ya mkonge, Tanga, akaniambia kamwacha kaka yangu Stanislaus hospitalini, amevimba miguu. Enzi hizo habari za vifo vya mbali hivyo zilitufikia kwa redio, kwenye matangazo ya vifo ya mchana na ya jioni, yaliyotaja marehemu na ndugu zake kwa majina. Niliyaogopa matangazo hayo, na niliogopa zaidi kuyakosa.

"Baba Rosa," nikamwambia mume wangu, "nunua mawe mapya. Redio inalia kama mbu."

"Haya bado yana nguvu, mama Rosa. Nayaanika leo, jioni utasikia kila kitu."

Nilikasirika, ila nikamletea ungo. Safari hii alikuwa anabania umeme kwa ajili yangu.

Alasiri nilikuwa uani napepeta maharage. Akaingia Kuruthumu, mke wa Gharibu mwenye duka, mkeka kwapani. Nyuma yake walikuja wanawake wengine, kila mmoja na mzigo wa kuni. Kwetu watu hawaleti kuni na mkeka kwa jirani bila sababu. Hakuna aliyenisalimia. Maharage yalinimwagika, sikuyaokota.

"Tulidhani umesikia tangazo la mchana," Kuruthumu akasema, akanishika.

Kipriani alitoka ndani, akawaona. Akazichukua betri kwenye ungo, zina moto bado, akasimama nazo asijue aziweke wapi. Nilitaka kumtukana, huruma ikaniwahi.

Kifo nilikuwa nimekitazamia. Kilichonikata maini ni kwamba jina langu lilisomwa, likaingia kila nyumba yenye redio Kasulu nzima, kwangu likakuta redio tupu.

"Mtangazaji alisemaje?" nikamwuliza Kuruthumu.

Akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akasema taratibu, kama mtangazaji: "Bwana Ildefonsi wa Tanga anasikitika kutangaza kifo cha Stanislaus. Habari zimfikie dada yake, Maximilla wa Kasulu, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Mazishi yamekwishafanyika."

Nikamwomba arudie, aanzie pale penye jina langu.