Bibi Zlata Achagua Kastoria

Bibi Zlata hakuwa mtu wa kuomba kitu. Ukimuuliza chai au kahawa, anasema iliyopo. Ukimuuliza paja la kuku au shingo, anasema shingo, tena anakuapia kwamba shingo ndiyo tamu. Ndiyo maana siku ile jikoni, familia imekaa kuchagua pa kwenda likizo Ugiriki, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumuuliza.

Na pale Plovdiv, Bulgaria, kila mwaka ni hivyohivyo, bwana. Jua likianza tu kuwaka, ndugu wanagombana kwa ajili ya Ugiriki. Mpaka si mbali, unawasha gari asubuhi, jioni umeshatia miguu baharini. Lakini bahari ya upande gani? Hapo ndipo penye vita. Stoyan, mkwe wa Bibi Zlata, alitaka Halkidiki. Alifika huko mara moja akaona pweza wameanikwa kwenye kamba kama soksi, akawala, na mpaka leo akilala anawaota. Shemeji yake Gencho, mtoto wa kiume wa Bibi Zlata, alitaka kisiwa cha Thasos.

"Thasos ni mpaka upande feri," akasema Stoyan. "Mimi feri natapika."

"Wewe hata kwenye bembea unatapika, shemeji. Baki ulishe kuku."

"Hebu nyamazeni nyie wawili, mtanikatisha kidole," akasema Donka, mke wa Stoyan, aliyekuwa anakata nyanya na vitunguu vya kachumbari. Jibini alikuwa bado hajaikwangua.

Bibi Zlata alikuwa kwenye jiko, anageuza pilipili hoho juu ya moto. Akasema bila kugeuka, "Mimi nataka Kastoria."

Gencho alikuwa ameinua kikombe chake cha pombe kali ya rakia, kikabaki hewani.

"Kastoria hakuna bahari, Mama," akasema.

"Najua."

"Kuna ziwa tu. Na milima! Milima si tunayo hapa tele?"

"Nilizaliwa huko," akasema Bibi Zlata, na pilipili moja ikaungua.

Sikiliza, watu wale wamekaa na mama yao maisha yote. Wanachojua ni kwamba alikulia kwenye nyumba ya yatima, basi. Hawakuwahi kumuuliza yatima wa wapi, kwa sababu alikuwa anaongea Kibulgaria kama wao, anapika kama wao, anatukana majirani kama wao. Stoyan alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Ndipo mama akasema. Alikuwa mtoto wa miaka mitano, vita ya Wagiriki wenyewe kwa wenyewe imepamba moto, watoto wa kijiji wakakusanywa wakavushwa mpaka. Kaka yake, Lefteris Gatsos, siku hiyo alikuwa mlimani na mbuzi. Hakuvushwa. Baadaye mpaka ukafungwa, na ulipofunguliwa Bibi Zlata akawa anaogopa.

"Unaogopa nini, Mama?" akauliza Donka, machozi yanamtoka, na si ya kitunguu.

"Nikiuliza, nitajibiwa," akasema Bibi Zlata. "Lugha yao nimeisahau yote. Lakini sasa nimezeeka. Nataka kujua kama yupo. Kama hayupo, nendeni zenu baharini, mimi nitabaki na kuku."

Basi kazi ya kupiga simu akapewa Stoyan, kwa sababu ndiye mwenye sauti. Gencho akatafuta namba ya nyumba ya wageni ya kile kijiji, akaleta na kitabu chake kidogo cha maneno ya Kigiriki ya watalii, kile cha kuulizia chumba, maji na choo. Ukurasa wa kwanza haukuwepo. Gencho mwenyewe aliuchana kiangazi kilichopita kuwashia mkaa wa samaki.

"Wa kwanza una salamu tu na takataka ndogondogo," akasema. "Hauna maana."

Kwenye kitabu kulikuwa na "kuna chumba?", na neno la "kuna" ni *ehi*. Stoyan akaona hiyohiyo itafaa. Bibi Zlata hakuweza kukaa humo ndani, alitoka akasimama kwenye banda la kuku, amewapa mgongo. Mwanamume akapokea kule ng'ambo.

"Ehi Lefteris Gatsos?" akapiga kelele Stoyan. "Lefteris! Ehi?"

"Ne!" akajibu yule mtu. "Ne, ne!" Halafu akamwaga maneno kama mvua ya mawe, kwa sauti ya juu, mpaka Stoyan akakata simu.

Ujue, kwa Mbulgaria *ne* ni hapana. Hata mtoto mchanga anajua. Na hapa imesemwa mara tatu, tena kwa kufokewa.

Stoyan akatoka uani. Mama mkwe wake akageuka akamwangalia usoni, akaona. Hakulia. Alimwaga punje zilizobaki kwa kuku, akakung'uta aproni, akasema, "Haya. Sasa najua."

Wakafanya yote ya msiba. Karatasi ya tanzia ikachapwa, ikabandikwa mlangoni na kwenye nguzo ya umeme, jina la Lefteris na msalaba tu, maana picha hawakuwa nayo. Ngano ikachemshwa, ikatiwa sukari na jozi, majirani wakaja wakala, wakasema Mungu amrehemu, ingawa hakuna aliyemjua. Na Bibi Zlata aliyekuwa mpole, sasa akawa kama nyumba iliyohamwa. Ukimuuliza chai au kahawa, hakujibu kabisa.

Siku ile ya ngano, wageni wameshaondoka, Gencho akakosa adabu kidogo. Akasema polepole, "Kwa hiyo, basi, Halkidiki? Mimi ya Thasos nimeiacha."

Stoyan akamkata jicho. "Una roho ya mbuzi wewe."

"Nataka Mama apate hewa ya bahari, jamani! Nimesema vibaya?"

Bibi Zlata alikuwa na bakuli mapajani, anakula ngano ya kaka yake kidogokidogo. Akasema, "Stoyan, mwanangu. Yule mtu alisemaje?"

"Si nilikwambia, Mama. Alisema hayupo."

"Hayupo ni neno lako. Nataka lake. Nisemee vilevile, na sauti yake. Ni watu wa kwetu, nataka niwasikie."

Stoyan hakupenda. Lakini ni mama mkwe, utafanyaje? Akavuta pumzi, akakumbuka ile sauti ilivyokuwa inapanda juu, akasema, "*Ne!* *Ne, ne!*"

Kijiko kikaanguka. Bibi Zlata alikuwa ameshika shingo yake kama aliyekwamwa na mfupa.

"Mama? Mama!" akaruka Donka. "Maji!"

"Acha maji," akasema mama. "Mama yangu alikuwa ananiuliza nina njaa. Nikisema *ne*, ananipa mkate."

Donka akayaacha maji, akachuchumaa mbele yake.

"Nikisema *ne*, ananipa," akasema tena, na sauti yenyewe ilikuwa ya mtoto. "Ananipa, Stoyan! Unampaje mkate mtoto aliyesema hapana?"

Gencho akawa mweupe kama ile jibini, na Stoyan akamgeukia taratibu.

"Ukurasa wa kwanza," akasema. "Takataka ndogondogo, eh? Ndiyo na hapana umeziwashia samaki!"

"Piga simu kwanza, utaniua baadaye!"

Wakapiga. Mwanamume yuleyule. Safari hii Stoyan akasema jina la Lefteris tu, akaongeza na neno Bulgaria, akasema "dada, dada" kwa lugha zote alizowahi kuokota. Wakasikia kiti kikianguka, mtu akiita nje, na mbwa akibweka. Wakampa Bibi Zlata simu. Akaishika kwa mikono miwili.

Ikaja sauti ya mzee, inahema kama aliyepanda mlima. "Hrisula?"

Jina hilo hawakulijua. Yeye alilijua. Nyumba ya yatima walilitafsiri tu, dhahabu ya Kigiriki kwa dhahabu ya Kibulgaria, likawa Zlata.

"Ne," akasema Bibi Zlata.

"Hrisula?"

"Ne. Ne. Ne."

Neno jingine hakuwa nalo, na kaka yake naye hakutafuta jingine. Walisemezana hilohilo moja mpaka wote wawili wakawa wanalia tu.

Stoyan akaenda kubandua karatasi mlangoni. Gundi ilikuwa kali, karatasi ikatoka vipandevipande. Jirani akapita, akavua kofia. "Poleni na msiba."

"Hakuna msiba. Yuko hai."

"Si leo hii tumekula ngano yake?"

"Mlikula bure," akasema Stoyan. "Na mrudishe sufuria mliyoondoka nayo."

Aliporudi jikoni, Gencho alikuwa amepiga magoti mbele ya mama yake kama anayeungama. "Kastoria basi, Mama. Ila tukishamwona mjomba, siku mbili tu, tushuke baharini?"

"Ne," akasema Bibi Zlata, akitikisa kichwa huku na huku, na Wabulgaria wakitikisa hivyo ndio wamekubali.

Gencho akamwangalia mdomo, akamwangalia kichwa. "Ne ipi hiyo, Mama? Ya kwetu au ya kwao?"

Mama akachukua bakuli lake la ngano, akaanza kula upya, safari hii kwa njaa.