Tundu la Bibi Nasib

Siku fundi Gela alipokuja kumtengenezea Mama Hanika nyumba, Melo alikuwa amepiga magoti akisiriba sakafu kwa udongo uliochanganywa na mavi ya nyati wa kufugwa. Bibi yake, Nasib Kaur, ndiye aliyemtuma.

"Mgeni hajui kusiriba," alisema Bibi. "Nenda kamsaidie, watu wasije wakasema jirani zake hatuna mikono."

Jina la mgeni hasa lilikuwa Hanneke, ila kijiji cha Kotli Bela hakikuwa na subira ya kulitamka hivyo. Alitoka Uholanzi, na alikuwa na wiki mbili tu katika nyumba hiyo. Alikuwa amekaa mjini Ludhiana miaka miwili akijifunza Kipunjabi, lugha ya huko, na sasa alitaka kukaa kijijini, peke yake, aziandike nyimbo za harusi ambazo wanawake wazee walikuwa wanakufa nazo. Nyimbo hazikumsumbua mtu. Lililosumbua ni hilo la peke yake. Mwanamke kulala nyumba moja na mama mkwe asiyempenda, hilo walilielewa. Kulala na kuta tupu, hapana.

Mwenyewe alijiandaa kama anayengoja kuvamiwa. Makomeo mawili mlangoni, kufuli kubwa kama ngumi, tochi chini ya mto, filimbi shingoni. Vyote alikuwa ameviandika kwenye karatasi, na kila fundi alipomaliza kimoja, alikikata kwa kalamu. Mwisho akafika kwenye ukuta wa ua.

Ukuta huo ulikuwa na tundu, usawa wa kifua, la kutosha kupitisha sinia. Upande wa pili lilikuwapo jiko la Bibi Nasib.

"Melo," Mama Hanika akauliza, "hili naweza kuliziba?"

Melo alijua jibu. Zamani babu yake aligombana na mdogo wake juu ya zamu ya maji ya mfereji, wakagawana nyumba na kujenga ukuta katikati. Walikaa miaka tisa bila kusalimiana. Lakini wake zao walimsimamia fundi mpaka akaacha tundu, na hapo vilipita chumvi, makaa, mtindi wa kugandishia maziwa, hata mtoto mchanga siku moja mvua ilipobomoa paa. Familia ya mdogo ilipohamia mjini na kuiacha nyumba hii, tundu lilibaki. Pale Kotli Bela, ukiliziba umemwambia jirani kwamba mmemalizana: nisikujue kwenye shibe wala kwenye msiba.

Yote hayo Melo aliyajua. Lakini alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa aliyeacha shule darasa la nne kwa sababu mwalimu alikuwa akimsimamisha asome kwa sauti, na sauti haikuja. Kumwambia mgeni hapana usoni pake, tena mtu mzima, tena mwenye makasha ya vitabu? Akainamisha macho na kuitikia kwa kichwa.

Fundi Gela alimtazama Melo, akamtazama mgeni, akajikuna ndevu. "Haya," alisema. "Kama wenyewe mmekubaliana."

Asubuhi yake Bibi Nasib alichukua bakuli la mtindi, kama alivyofanya kila siku tangu mgeni ahamie, akanyoosha mkono. Bakuli likagonga tofali. Bibi alisimama pale, mkono umenyooka, kwa muda ambao Melo hakuwahi kuusahau. Kisha akamimina mtindi wote kwenye hori la nyati.

"Kunywa wewe," alimwambia nyati. "Wewe hujanifungia mlango."

Siku ya tatu mwenyekiti wa kijiji, Darbara Singh, aliingia uani, akakaa kwenye kitanda cha kamba na kuvua viatu.

"Shangazi Nasib, baraza limekaa. Huyu Mzungu hatuna ugomvi naye. Ila akiugua, nani atajua? Mwizi akiruka ukuta, nani atapiga kelele? Tumesema hivi: jirani akisema nitamwangalia, akae. Asiposema, Jumapili arudi mjini. Na jirani ni wewe."

"Ana filimbi," alisema Bibi.

"Shangazi, nakuuliza kweli."

"Na mimi nakujibu kweli, Darbara. Mtu ameona mkono wangu unapita, ameuwekea tofali. Nimwangalie wapi? Kwenye tofali?"

Mwenyekiti alivaa viatu vyake na kwenda kubisha nyumba ya pili. Kutoka juu ya paa lao bapa, alikokuwa akianika pilipili, Melo alimwona Mama Hanika akisikiliza amesimama wima, akisema asante. Mwenyekiti alipoondoka, aliingia ndani, akatoka na vitabu na kuanza kuvirudisha kwenye makasha. Alifanya polepole, akifuta kila kitabu vumbi, kama anayevitafutia kosa. Hakujua kosa lilikuwa wapi. Pengine alidhani ni rangi yake, au kwamba hana mume. Aliyelijua alikuwa juu ya paa na pilipili mikononi.

Melo akashuka. Bibi alikuwa akisukuma chapati.

"Bibi, ni mimi."

"Najua ni wewe. Lete kuni."

"Tundu, Bibi. Aliniuliza."

Mti wa kusukumia chapati ukasimama. "Alikuuliza nini?"

"Kama anaweza kuliziba."

"Ukasema nini?"

"Sikusema. Niliitikia."

"Kwa kichwa?"

Melo akaitikia kwa kichwa.

"Hebu kiache hicho kichwa!" Bibi alipiga ubao kwa ule mti, unga ukaruka. "Siku moja watakuuliza kama wakuuze sokoni pamoja na ndama, utaitikia! Mwanamke wa watu anafunga makasha kwa ajili ya shingo yako!"

"Nimwambie fundi abomoe?"

"Wa kuambiwa ni mwenye nyumba. Nenda kamwambie kwa mdomo. Mimi siongei na tofali."

Kutoka mlango hadi mlango hapakuzidi hatua ishirini. Melo alizipiga kama anayevuka mto. Mama Hanika alipomfungulia, makomeo yote mawili yalilia. Melo alimweleza kila kitu akiitazama sakafu aliyoisiriba mwenyewe: ugomvi wa maji, miaka tisa, mtoto wa siku ya mvua, mtindi uliokwenda kwa nyati.

Mama Hanika alikaa juu ya kasha. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Nilikuuliza, Melo. Nilikuuliza ili uniambie ukweli."

"Wewe ni mgeni. Mgeni haambiwi hapana."

"Kwa hiyo wote wamekuwa wakiniambia ndiyo? Tangu nifike?"

Melo alifikiri. "Si wote. Nyati alikukanyaga."

Mgeni hakucheka. Aliinuka, akatoka uani, akauweka mkono juu ya lile tofali jipya. "Bibi yako alikuwa ananichungulia," alisema. "Nikipika anaangalia. Nikifua anasema nguo zangu za ndani ni ndogo. Mimi nilikuja nikae peke yangu. Kwetu, mtu akitaka kuishi peke yake anafunga mlango, basi." Akamgeukia Melo. "Nikilifungua, atachungulia tena?"

Hapa ndipo kichwa cha Melo kilipotaka kutikisika chenyewe, kiseme hapana, hatachungulia, kimfurahishe mtu. Akakishika.

"Ndiyo," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Kila siku. Na ukichelewa kuamka atakuita mpaka uitikie."

"Kila siku?"

"Mpaka afe, Mama."

Mama Hanika alilitazama tofali kwa muda mrefu, kisha akaitazama kufuli yake mlangoni, ile kubwa kama ngumi, kana kwamba anavilinganisha uzito. Akaingia ndani, akarudi na nyundo na tindo aliyoisahau fundi Gela.

Hakuwa na ufundi wowote. Alipiga ovyo, akajigonga kidole, akatukana kwa lugha ya kwao. Tofali la kwanza lilipodondoka upande wa pili, sauti ikatoka huko:

"Polepole! Unanimwagia vumbi kwenye unga!"

"Samahani, Bibi!"

"Samahani hailiki. Ongeza nguvu, hilo la chini ndilo limeshika."

Jumapili mwenyekiti aliporudi, alimkuta Bibi Nasib ameingiza kichwa na bega tunduni, akibishana kuhusu chumvi ya mboga ya haradali.

"Shangazi, nimekuja kwa lile jambo. Huyu anakaa peke yake au..."

"Peke yake wapi?" Bibi alisema bila kugeuka. "Mimi huyu hunioni? Nenda ukawaambie."

Akaenda. Mama Hanika aliosha bakuli la mtindi, akalijaza njegere alizonunua, maana Melo alikuwa amemwambia pia kwamba bakuli la jirani halirudi tupu. Kabla ya kulipitisha alimvuta Melo pembeni na kumnong'oneza.

"Na pazia? Kitambaa kidogo tu hapo tunduni, wakati ninapooga. Nikiweka pazia, ni sawa?"

 Upande wa pili Bibi alikuwa ameacha hata kukoroga.

"Hapana," alisema Melo. "Hamishia mahali pa kuogea nyuma ya nyumba. Nitakusaidia kujenga."