Mchezaji wa Ishirini na Tano wa Okalusa

Kila Jumamosi ya kwanza ya Juni, Chuo cha Okalusa hufungua ukumbi wake wa mazoezi ili watu waje kutazama wachezaji wapya wa futiboli ya Kimarekani wakipimwa. Mashabiki hukaa kwenye ngazi za mbao na sahani za kambare wa kukaanga mapajani, na vijana hupita mbele yao vifua wazi. Kwanza mizani, kisha urefu, kisha mikono hunyooshwa ipimwe kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Watu hutoa maoni bila kunong'ona. Huyu ana mapaja, yule shingo yake bado changa. Mgeni mmoja aliwahi kusema kwamba shughuli hii inamkumbusha mnada wa ng'ombe, na mwenyeji wake akamjibu kwamba ng'ombe hawasomeshwi bure. Huko Alabama jibu kama hilo linatosha, na mgeni akaongezewa kambare.

Mwaka huo usajili ulikuwa wa vijana ishirini na nne. Mzee Royce Gaskin, muuza matairi mstaafu, alikaa mstari wa mbele na kipaza sauti cha redio ya mji, kwa sababu yeye ndiye huupa usajili alama. Kwa miaka thelathini hajawahi kutoa A. Hata siku hiyo alikuwa ameshawaambia wasikilizaji kwamba ni B: mabeki wapo, mrushaji mpira yupo, lakini mkimbizaji hakuna, yule wa kuukumbatia mpira na kupasua katikati ya watu. Alisema timu isiyo na mkimbizaji ni maharage yasiyo na chumvi, unashiba lakini husifu.

Kijana wa ishirini na nne aliposhuka kwenye mizani, akapanda wa ishirini na tano.

Alikuwa mweusi, mabega mapana, na viatu vyake vilikuwa vya mtindo wa zamani vilivyopigwa rangi vizuri. Alipoulizwa jina akasema Dorsey Tolliver. Alipoulizwa shule akasema Shule ya Mafunzo ya Kaunti. Msaidizi wa kocha akamweleza kwamba shule hiyo, iliyokuwa ya watoto weusi, ilibomolewa zamani na sasa pale ni maegesho ya duka la dawa. Dorsey akasema anajua, amepita hapo asubuhi.

Kwenye mstari wa sita alikaa Bi Verlene Tolliver, mwenye miaka sitini na saba, ambaye hakosi siku ya kupimwa wachezaji hata akiwa na homa. "Huyo ni kaka yangu," akasema, mdomo ukiwa na kambare. "Alikufa mwaka wa sitini, kiwandani kwa mbao. Amechelewa tu."

Watu wakasogea kidogo ili amwone vizuri. Wafu wa Okalusa hurudi mara kwa mara, hasa msimu wa futiboli, na wengi wao huja kumlalamikia kocha. Huyu angalau alikuja kufanya kazi.

Mizani haikusogea. Msaidizi akamuuliza uzito wake, akasema ratili mia na themanini na tano, zikaandikwa mia na tisini na tano, kwa kuwa Okalusa kila mchezaji huongezewa kumi, awe hai au vinginevyo. Daktari wa timu akamwekea kifaa kifuani, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena. Akatangaza kwamba moyo haupigi, ila magoti ni mazima kuliko ya wale ishirini na nne. Kisha wote wakatoka uwanjani kumtazama akikimbia yadi arobaini. Saa tatu za kupimia zilibonyezwa, na wale watatu waliozishika wakatazamana, wakamwomba arudie, akarudia kwa furaha. Mara ya pili alikuwa na kasi zaidi. Nyasi hazikulala.

Kocha Buddy Hamrick alikuwa amepoteza mechi saba msimu uliopita, na kibarua chake kilikuwa kinaota nyasi. Alimuuliza Dorsey swali moja tu: amekiahidi chuo kingine?

"Hapana, Kocha. Hakuna kocha aliyewahi kuja nyumbani kuniomba."

"Unataka nini kwetu?"

"Jumamosi moja," Dorsey akasema. "Nibebe mpira kwenye uwanja ule mkubwa, nikiwa na namba mgongoni, mdogo wangu akiwa jukwaani. Moja inatosha."

Hilo ndilo alilotaka, na hakuwahi kuongeza lingine. Mzee Gaskin akautangazia mji kwamba, kwa mara ya kwanza maishani mwake, anatoa A. Magari yakapiga honi mpaka kanisani. Akateremka kumshika mkono mchezaji mpya, akamwambia, "Karibu sana, kijana."

"Kijana nani? Mimi nakuzidi miezi minne, Royce. Mwaka wa hamsini na tisa wewe ndiye ulikuwa mkimbizaji wa hapa. Nilikuwa nakusikiliza redioni."

"Kumbe! Na ulinionaje?"

"Ulikuwa unaangusha mpira."

Mzee Gaskin alicheka hadi akashikilia ngazi. Alikiri kwamba ni kweli, mikono yake ilikuwa ya siagi, na hakujua hata siku moja kwa nini walimweka pale miaka minne yote. Dorsey akampigapiga begani kwa mkono uliokuwa baridi kama chupa ya soda.

Jumatatu Dorsey na Kocha wakaitwa kwa Bi Lorna Pruitt, ofisa wa chuo anayesimamia kanuni za nani aruhusiwe kucheza. Ni mama mpole, anayefuga kasuku, na tangu Jumamosi alikuwa hajalala sawasawa kwa kupekua kanuni akimtafutia Dorsey njia. Bi Verlene alikuja pia, amevaa kofia ya kanisani. Kocha alikaa karibu na mlango, akitafuna kucha.

"Ulimaliza shule lini, mwanangu?" Bi Pruitt akauliza.

"Mei, hamsini na tisa."

"Basi muda wako uliisha mwaka wa sitini na nne. Mchezaji hupewa miaka mitano tangu amalize shule."

Kocha akadokeza kwamba mingi ya miaka hiyo kijana alikuwa marehemu. Bi Pruitt akasema analijua hilo na limemsikitisha. Muda husimamishwa kwa jeshi, kwa umisionari na kwa uzazi. Kifo hakimo.

"Na mwaka ule wenyewe, mbona hukujiunga?"

"Chuo kilikuwa hakichukui watu weusi, mama. Nilikuja hadi getini. Askari akanipa maji ya kunywa, akanigeuza."

Bi Pruitt alitoa leso. Machozi yalikuwa ya kweli, wala tusimsingizie. Akasema pole, tena pole sana, halafu akasema kwamba na hilo pia halimo katika yale matatu.

"Sheria ni msumeno," akamalizia kwa sauti ndogo.

"Msumeno hukata kwenda na kurudi," Bi Verlene akasema. "Huu wenu unakata kwenda tu."

Bi Pruitt akamimina chai ya barafu, wakanywa watatu, na Dorsey akakishika kikombe chake kwa adabu. Hukumu hiyo iliuma, na aliyesema haikuuma hakuwa chumbani mle. Lakini Kocha Hamrick hakuwa mtu wa kuacha jembe nje likanyeshewa mvua. Aliuliza kama kanuni zinamkataza mtu kufanya mazoezi. Bi Pruitt akafunua kurasa, uso ukachangamka, akasema hazimkatazi.

Basi Dorsey akapewa jezi ya kijani isiyo na namba na kabati la nguo karibu na bafu. Kazi yake ilikuwa kuigiza mkimbizaji wa timu inayokuja, ili mabeki wa Okalusa wajifunze kumkamata. Wiki moja alikuwa Boudreaux wa Louisiana, anayependa kukatia kushoto. Wiki nyingine alikuwa Kessler wa Tennessee, anayeinamisha kichwa kama mbuzi dume. Aliwasoma kwenye filamu za mechi zao, akawaigiza, na kila mmoja akamfanya bora kuliko alivyo. Mabeki walimfukuza marehemu siku nne kwa juma. Jumamosi walipokutana na walio hai, waliwaona kama wamesimama kusubiri basi.

Okalusa ikashinda mechi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na haikuacha. Kocha akaongezewa mkataba, akanunua mashua. Mzee Gaskin alieleza redioni kwamba usajili ni A, ila kwa kuwa aliyeileta A hayumo kwenye usajili, kihalali inabaki B, na wasikilizaji wakapiga simu kubishana naye majuma mawili. Mjini Dorsey alipendwa na kila mtu. Mwenye duka la kinyozi alimpa kiti cha mbele bure, ingawa nywele zake hazikuwa zikiota. Watu walimnunulia karanga za kuchemsha, ambazo alizishika tu. Nyumbani Bi Verlene alimpikia sukuma wiki na mkate wa mahindi, akawa anamgombeza kwa kutokula.

"Kaka, chakula si mapambo."

"Nanusa, mdogo wangu. Nanusa mpaka nashiba."

Jumamosi walikaa jukwaani pamoja, bega kwa bega. Alikuwa akimweleza mchezaji gani atakwenda wapi kabla hajakwenda, na Bi Verlene alimwambia anyamaze amwachie raha ya kushangaa. Lakini wakati mwingine mpira ulipopigwa juu Dorsey alisimama bila kujua, mikono mbele, kisha akakaa. Bi Verlene aliliona hilo kila mara, na kila mara lilimchoma moyo.

Oktoba ikafika mechi ya Kurudi Nyumbani, ambapo wote waliowahi kusoma Okalusa hurudi na watoto wao na viti vyao vya kukunja. Siku hiyo Kocha alimruhusu Dorsey asimame pembeni ya uwanja na timu. Ilipofika robo ya nne, Okalusa ilikuwa inaongoza arobaini na nane kwa saba. Upande wa mashariki ukaanza kuita, "Tolliver! Tolliver!" Upande wa magharibi ukaitikia. Bendi ikaingiza ngoma. Dorsey akavaa kofia ngumu, akawa anarukaruka mahali pamoja kupasha miguu, ingawa haikuwa na haja ya kupashwa.

Kocha akamtazama Bi Pruitt, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi. Naye alikuwa akiita "Tolliver" pamoja na wengine. Akaacha kuita, akatikisa kichwa, akaendelea kuita.

Filimbi ya mwisho ikalia na hakuna aliyeondoka. Wapinzani nao wakaomba kubaki, wakajipanga kwenye mstari wa pembeni, kofia mkononi. Kocha akampa Dorsey mpira. Dorsey akaenda nao hadi mwisho wa uwanja, akageuka, akauingiza kwapani kama mtu abebavyo mkate wa nyumbani kwao, akaanza.

Hakukuwa na wa kumkwepa, lakini aliwakwepa. Alikata kushoto, akainama, akazunguka, akawapita mmoja mmoja wale wote ambao wangekuwa wamesimama pale, na watu waliona waziwazi kila mmoja aliyeachwa chini. Mzee Gaskin alitangaza mbio zote tangu mwanzo hadi mwisho, sauti ikimkauka, na alipofika kwenye namba ya mchezaji akairuka, kwa kuwa haikuwepo, akaendelea. Dorsey akavuka mstari. Uwanja ukalipuka. Bi Verlene alilia, akacheka, akampiga mwenye kofia pana aliyekaa mbele yake, kisha akamkumbatia.

"Mmeona?" akawauliza waliomzunguka.

"Tumeona, Bi Verlene. Sote tumeona."

"Haya," akasema, akajifuta macho.

Ubao wa matokeo ulibaki arobaini na nane kwa saba. Mwendeshaji wake alikuwa bado kibandani, amesimama akipiga makofi kwa mikono yote miwili. Magazeti ya Jumapili yaliandika mechi yote vizuri hadi filimbi ya mwisho.

Jumatatu Dorsey alifika mazoezini mapema kuliko wote. Akavaa jezi ya kijani, akafunga viatu vyake, akamwendea Kocha kwa tabasamu na kumuuliza wiki hii awe nani.